Kamera Ifuate Maji: Kupiga Picha za Ndege na Wadudu Unguja na Pemba

Mvuvi wa Chwaka akiona mwezi umeandama, anajua kesho maji yatajaa saa ngapi, na hahitaji simu imwambie. Mpiga picha wa ndege anaihitaji hesabu hiyohiyo, lakini mara nyingi ndiyo anayojifunza mwisho. Ananunua lenzi ya milimita 600, anafika pwani saa 4 asubuhi siku ya bamvua, na anakuta maji yamepwa yamekwenda zake. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, ni vidoa tu huko mita 500, na hewa juu ya tope inacheza kama hewa juu ya chuma cha chapati. Picha zote zinatoka laini, kisha lawama anabebeshwa muuza lenzi.

Vifaa tutavitaja, lakini saa zitangulie, kwani viumbe wadogo wa visiwa hivi wanaishi kwa saa: saa ya umande, saa ya upepo na saa ya maji.

Hesabu ya maji na ya jua

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku ya mwezi mpevu, na siku mwezi unapofichika kabisa, maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya hapo, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wiki moja baadaye ni maji mafu: yanajaa karibu na saa 4, yanapwa karibu na saa 10, na tofauti inaweza kuwa mita 1 tu. Anayefuata tarehe za mwezi wa Kiislamu tayari anayo kalenda ya picha mkononi. Tarehe 14, 15 na 16, na zile mbili tatu za mwanzo wa mwezi, ndizo siku ambazo maji hujaa jioni huku jua likiwa limeshainama.

Jua nalo lina haraka zake. Huku karibu na ikweta hupanda takriban nyuzi 15 kwa kila saa. Likichomoza saa 12 na robo, ikifika saa 2 na robo limeshafika karibu nyuzi 30, na kivuli kinaanza kujikusanya chini ya mdomo na tumbo la ndege. Kwa hiyo mwanga mzuri ni wa muda wa saa mbili baada ya jua kuchomoza na muda wa saa mbili kabla halijatua. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi, na picha ya ndege mweupe iliyopigwa saa hiyo haiokolewi na programu yoyote ya kompyuta.

Upepo ni wa tatu. Kusi huvuma tangu Aprili au Mei hadi Septemba, kaskazi tangu Novemba au Disemba hadi Machi. Mpiga picha wa ndege anaweza kuuvumilia; wa wadudu hawezi. Jani likisogea milimita 2 kwenye picha ya karibu, jicho la mdudu limeshatoka nje ya fokasi, yaani nje ya sehemu inayoonekana kali. Utulivu mkubwa zaidi hupatikana kati ya sala ya Alfajiri na saa 1 na nusu hivi, na bahati nzuri ndiyo saa ambayo wadudu wenyewe hawajaamka.

Bustani kabla umande haujakauka

Mdudu hajipashi joto mwenyewe kama sisi, anangoja jua. Alfajiri, khasa wakati wa kipupwe, kereng'ende aliyelala juu ya unyasi ana matone ya umande juu ya macho, na ukimkaribia taratibu hadi sentimita 20 hasogei. Saa 2 asubuhi kereng'ende huyohuyo hataki kukuona hata kwa mita 2. Wapo wanaowatia wadudu kwenye friji ili watulie. Hilo tusilifanye: mdudu hukaa mkao wa mgonjwa, miguu imejikunja vibaya, na anayewajua wadudu huiona picha ya friji mara moja. Kuamka mapema hakugharimu umeme.

Anza na mndimu au mchungwa wa uani. Kipepeo mkubwa mweusi wa madoa ya manjano, Papilio demodocus, hutaga yai mojamoja juu ya majani machanga ya miti hiyo. Kiwavi wake mchanga ni kahawia na mweupe, utadhani kinyesi cha ndege, na ndiyo maana wengi wanampita bila kumwona. Akikua anageuka kijani na kufikia sentimita 4 au 5. Ukimgusa anatoa nyuma ya kichwa kiungo cha rangi ya chungwa chenye pembe mbili na harufu kali. Ukitaka picha ya kiungo hicho, andaa kila kitu kwanza, fokasi iwe juu ya kichwa, kasi ya shata 1/250 (yaani sehemu moja ya 250 ya sekunde), ndipo mgusie unyoya mara moja tu. Hukitoa kwa sekunde chache kisha hukirudisha, na ukimsumbua mara kwa mara huchoka akaacha. Bundo la kipepeo huyu, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, hushikamana na kijiti kwa uzi mwembamba kiunoni. Siku moja kabla hajatoka, ganda hupungua uzito wa rangi na madoa ya mabawa huonekana kwa ndani. Ukiona hivyo leo, kesho asubuhi uwe umeshaweka stendi. Kutoka kwenyewe ni jambo la dakika chache, na mabawa hujikunjua na kukauka kwa saa moja hivi au zaidi. Humo ndimo picha ilimo: mabawa hayajakwaruzika hata mara moja.

Kipepeo mwingine anayewachanganya watu ni yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na nyeupe, Danaus chrysippus. Viwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe, na sumu ya mimea hiyo hubaki mwilini, kwa hiyo ndege wakishaonja mmoja hawarudii. Jike wa Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu, amevaa sare ileile. Dume lake halifanani naye hata kidogo: jeusi lenye mabaka meupe ya duara. Kabla hujaandika jina chini ya picha, angalia bawa la nyuma. Danaus ana vidoa vyeusi kadhaa katikati ya bawa hilo. Mwigaji kwa kawaida ana kimoja tu, ukingoni mwa mbele. Basi piga picha ya ubavuni mabawa yakiwa yamefungwa na nyingine yakiwa wazi, la sivyo utakuwa na picha nzuri isiyo na jina.

Majimoto wanastahili tahadhari yao. Ndio wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mkarafuu, mwembe au mnazi kwa hariri ya mabuu wao. Wanauma na kunyunyiza tindikali kwenye jeraha, na hawachagui mpiga picha wala mchuma karafuu. Usiegemee mti, usisimame chini ya tawi lao, na funga mikono ya shati. Wakulima wa minazi hawawachukii sana, na wana sababu: majimoto humfukuza mdudu anayefyonza nazi changa, Pseudotheraptus wayi, aliyepewa jina la mtafiti M. J. Way aliyewachunguza sisimizi hawa Zanzibar katika miaka ya 1950. Ukiwafukuza kwa fokasi utachoka. Tafuta tawi wanalopita kama barabara, chagua sentimita moja ya tawi, weka fokasi hapo kwa mkono, kisha ngoja wafike wenyewe. Katika picha 50 utapata 3 au 4, na hiyo si hesabu mbaya.

Milimita moja ya fokasi

Lenzi ya makro, yaani ya picha za karibu sana, ya milimita 90 hadi 105 ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu inakuacha mbali kidogo na mdudu. Lakini kabla ya kununua, fahamu kinachokusubiri. Mdudu akipigwa kwa ukubwa wake halisi juu ya sensa (kipande kinachopokea picha ndani ya kamera) kubwa ya fremu nzima, kwa f/8 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikipanda, tundu hupungua), sehemu iliyo ndani ya fokasi ina unene wa milimita moja hivi. Kwa f/16 unapata karibu milimita 2, lakini picha nzima inaanza kulainika kwa sababu mwanga hujipinda kwenye tundu dogo. Ukirudi nyuma hadi nusu ya ukubwa halisi, f/8 hiyohiyo inakupa karibu milimita 3. Ushauri wetu: acha uroho wa kujaza fremu. Piga kwa nusu ya ukubwa, f/8 au f/11, ukate baadaye.

Mkao ni muhimu kuliko tundu la lenzi. Ile milimita moja ni kama karatasi iliyosimama mbele ya lenzi. Ukiielekeza kamera ili bawa la kipepeo lilale sambamba na karatasi hiyo, bawa zima linakuwa kali. Ukiikosea kwa nyuzi 10 tu, nusu inapotea. Jicho ndilo la kwanza. Miguu ikipotea hakuna atakayeuliza.

Asiye na lenzi ya makro ana njia tatu. Pete za kurefusha huwekwa kati ya kamera na lenzi: pete za milimita 25 nyuma ya lenzi ya milimita 50 zinaongeza ukuzaji kwa nusu ya ukubwa halisi, na hazina kioo cha kuharibika. Kioo cha diopta hufungwa mbele ya lenzi kama kichujio: diopta 4 mbele ya lenzi ya kuvuta iliyo kwenye milimita 200 hukupa takriban 0.8 ya ukubwa halisi, mradi fokasi ya lenzi iwekwe mbali kabisa. Nunua diopta ya vioo viwili vilivyounganishwa. Ya kioo kimoja hutoa ukingo wa zambarau. Ya tatu ni simu na kilenzi cha kubana. Inafanya kazi, ila hukulazimisha kufika sentimita 2 au 3 kutoka kwa mdudu, na hapo kivuli cha simu yenyewe kinamfunika. Kwa kiwavi na vunjajungu inatosha. Kwa kipepeo, usijisumbue.

Mwanga wa kutosha kwa f/11 alfajiri haupo, kwa hiyo flashi inahitajika, na flashi tupu hutoa mng'aro mbaya juu ya ganda la mbawakawa. Kata kopo jeupe la aiskrimu la lita 2, lifunge mbele ya flashi kwa raba, na ndani yake tandika tabaka moja la karatasi ya jikoni. Chanzo cha mwanga kikiwa kikubwa kuliko mdudu na kikiwa karibu naye, kivuli kinalainika. Weka shata 1/160 au 1/200, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200 hadi 400, flashi kwenye nguvu ya 1/8 au 1/16. Mmweko huo ni mfupi mno kiasi kwamba mtetemo wa mkono hauonekani. Nyuma kukiwa kweusi kabisa, ujue mwanga wa flashi haukufika huko. Sogeza jani lolote sentimita 10 nyuma ya mdudu, au pandisha ISO hadi 800.

Unyasi unaoyumba ushike kwa kibanio cha nguo kilichofungwa juu ya kijiti na kuchomekwa ardhini. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na hukitumia kila siku.

Chozi kwenye ua la mgomba

Maelezo mengi ya kupiga ndege wa maua yameandikwa kwa ajili ya ndege wa Amerika wanaonyonya huku wakielea hewani, na hushauri kasi za shata za ajabu. Chozi wetu kwa kawaida hukaa kitako kwanza ndipo anyonye. Kwa hiyo 1/500 inatosha akiwa ametulia, na 1/2000 wakati wa kuruka. Tafuta mgomba ambao ua lake limeinama usawa wa kichwa chako. Kila kigubiko kinachojiinua hufunua safu mpya ya maua yenye asali, na chozi hulijua hilo kabla yako. Kaa mita 4 au 5, jua mgongoni, na angalia nyuma ya ua: ukuta wa tofali au bati likiwa mita 1 nyuma litaharibu kila kitu, majani yaliyo mita 5 nyuma yatayeyuka na kuwa rangi tupu. Zile rangi za kung'aa shingoni mwa dume si rangi za kupakwa, ni mwanga unaogawanyika juu ya manyoya, na huwaka pale tu pembe inapokubali. Piga mfululizo wa picha 5 au 6 kila anapogeuza kichwa. Akionekana mweusi kama mkaa, tatizo ni mahali ulipokaa.

Pemba kuna chozi wa peke yake, Cinnyris pembae, asiyepatikana kwingine duniani. Kisiwa kina wengine watatu wa aina hiyo: ninga wa Pemba, yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe la jicho, na bundi mdogo. Chozi na yule wa manjano huonekana hata kwenye bustani za kawaida. Ninga mtafute juu ya miti yenye matunda. Bundi ni wa usiku, na msitu wa Ngezi ndiko watu wanakomfuata. Humo msituni mwanga ni mdogo hata mchana: ISO 3200 hadi 6400, shata 1/125, kamera juu ya mguu mmoja wa kuegemea. Usiku, tochi yenye karatasi nyekundu, picha chache, kisha ondokeni. Kumchezea bundi sauti yake kwenye simu ili aje ni kumwita kwenye ugomvi wa mpaka usiokuwepo. Waongoza wageni wakikwambia "bosi, tumwite tena", kataa.

Na viota viacheni. Ulaya watasema ni adabu. Hapa kuna sababu ya ziada yenye mabawa: kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, hula mayai na makinda, na hana shughuli nyingine zaidi ya kukuangalia wewe unakwenda wapi. Ukisimama dakika 20 mbele ya kiota cha mnana, umeshamwonyesha.

Bonde la mpunga

Mabonde kama Cheju kwa Unguja, na mabonde mengi madogo ya Pemba yaliyo kati ya vilima, ni ardhioevu iliyotengenezwa kwa jembe. Ratiba yake ni ya mkulima. Siku ya kutifua, yangeyange hufuata trekta au jembe kwa makumi, wakiokota chenene na panzi, na hawajali mtu mita 15 pembeni. Majaluba yakishajazwa maji, huja korongo, mdiria, na kwenye vidimbwi vyenye yungiyungi, kuku-ziwa. Mpunga ukirefuka, ndege hupotea ndani na kereng'ende huchukua uwanja.

Kabla ya yote, piga hodi. Jaluba lina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni mama aliye kwenye tope tangu Alfajiri. Salamu kamili, useme unapiga ndege, uoneshe picha moja kwenye kioo cha nyuma. Usikanyage tuta jipya. Likibomoka maji hutoka na kazi ya siku nzima imekwenda. Kamera isimwelekee mtu ambaye hajakubali.

Ndege mweupe juani ndiye anayewashinda wengi. Kamera ikiona bonde la kijani kibichi kilichokolea, inaongeza mwanga, na yangeyange anatoka kama kipande cha karatasi kisicho na unyoya hata mmoja. Tumia mpangilio wa mkono. Jua likiwa kali na la wazi, ISO 400, f/8 na 1/1600 ni kipimo cha kawaida. Kwa ndege mweupe panda hadi 1/2500. Asubuhi mapema, au wingu likipita, hesabu hiyo haifai: angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, na uhakikishe upande wa kulia haujagonga ukuta. Mnandi mweusi dhidi ya anga jeupe anataka kinyume chake, ongezeko la hatua moja (yaani mwanga mara mbili) au zaidi.

Kereng'ende wa bondeni wana tabia mbili. Kundi la kwanza ni la wanaokaa kwenye kijiti kimoja, wanaruka kukamata mbu, wanarudi palepale. Yule mwekundu tii ni wa kundi hili. Ukimkurupusha usiondoke: ngoja dakika 2, atarudi, na safari ya tatu ataruhusu usogee. Kwa hawa lenzi ya milimita 300 inayoweza kufokasi kwa mita 1.5 ni bora kuliko makro. Adhuhuri, jua likiwaka, huinua mkia wima kuelekea juani ili mwili usipigwe na jua jingi na kupata joto kali. Ni picha pekee ya mchana tunayoipendekeza. Kundi la pili haliketi. Pantala flavescens, wa rangi ya dhahabu, hufika mwambao huu kwa makundi majira ya vuli na kaskazi. Mwanabiolojia Charles Anderson, akifanya kazi Maldives, alichapisha mwaka 2009 hoja kwamba huvuka Bahari ya Hindi kutoka India wakisukumwa na upepo, wakifuata mvua ili watage kwenye vidimbwi vya muda. Usimfukuze angani. Jioni huning'inia wima chini ya kichaka, na hapo hata simu inampata.

Chumvi, jasho na fangasi

Kamera nyingi za visiwani haziuawi kwa kuangushwa. Huuawa kabatini. Unyevunyevu wa hewa yetu ni mkubwa karibu mwaka mzima, na fangasi huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, kisha asidi yake hula rangi ya kioo. Chukua boksi la plastiki lenye raba ya kuziba kwenye mfuniko, la lita 15 au 20, tia gramu 200 za chembe za silika, na kipimo kidogo cha unyevu ndani. Kikae kati ya asilimia 40 na 50. Kikipita 60, chembe zikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa 2. Mchele hautoshi, hata kama kila fundi simu atakuapia. Mkoba wa ngozi ndio mbaya kuliko vyote: hunyonya unyevu na kuulisha ukungu.

Kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi, hewa ya nje hugeuka maji juu ya kioo na wakati mwingine ndani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka na iache ndani ya mfuko nje kwa dakika 30 hadi 45. Anayetaka picha ya saa 12 na nusu azime kiyoyozi usiku. Chumvi ya bahari ifutwe siku hiyohiyo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo ya chumvi na kukamuliwa. Miguu ya stendi ioshwe kwa maji ya bomba, viungo vikiwa wazi. Kubadilisha lenzi pwani, hapana.

Maji yakijaa

Sasa rudi kwenye tarehe 15 ya mwezi. Ndege wa pwani wanaohama kutoka kaskazini ya dunia huanza kuonekana Agosti na Septemba, na wengi huondoka ifikapo Aprili: sururu wa mdomo uliopinda, vitwitwi wa kila ukubwa, na membe, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Ghuba ya Chwaka, yenye mikoko na tope pana, ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Upande wa Pete kuna njia ya mbao juu ya mikoko, nzuri kwa mdiria, kaa na chozi: maua mekundu ya msinzi, mmoja wa mikoko hiyo, hutegemea ndege kwa uchavushaji. Lakini vitwitwi huwapati huko, wanataka uwazi.

Ukiwa Chwaka jioni, unatazama mashariki na jua liko mgongoni. Ukiwa mwambao wa magharibi, geuza hesabu: unataka maji yajae karibu saa 1 asubuhi, yaani siku 3 au 4 baada ya mwezi mpevu. Fika muda wa saa mbili na nusu kabla maji hayajajaa, wakati tope bado lipo. Chagua sehemu ya juu itakayobaki kavu mwisho: ulimi wa mchanga, au kipande cha mwamba. Lala chini mita 25 kutoka hapo, si juu yake. Lenzi iwekwe juu ya kifuko chenye kilo moja ya mchele, kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu mchele ukilowa unavimba na kunuka. Lenzi ikiwa sentimita 20 kutoka ardhini, hewa inayocheza itakusumbua zaidi, basi usipige chochote kilicho zaidi ya mita 40, subiri waje. Nguo ziwe za rangi ya tope. Makuti mawili yaliyochomekwa mbele yako yanatosha kuwa maficho.

Maji yatafanya kazi yote. Tope linapungua, ndege wanasogezwa hatua kwa hatua, kundi la vitwitwi 30 linakuwa la 200, na ifikapo saa 11 wanasimama mguu mmoja mbele yako, mwanga umekuwa wa samli. Shata 1/1000 kwa waliosimama, 1/2500 kundi likiruka, f/8 kwani unataka zaidi ya ndege mmoja ndani ya fokasi. Ukiona vichwa vyote vimeinuka kwa pamoja, umeshakaribia mno. Tulia, usijaribu hata kubadilisha betri. Ndege hawa wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita, na kila kuruka kwa hofu ni chakula kilichotupwa.

Kisha maji yanaanza kupwa. Ukanda mwembamba wa tope unatokea ukingoni, sururu mmoja anashuka, wawili, kisha kundi zima linamfuata likiyafukuza maji. Subiri wa mwisho ashuke, ndipo usimame.